Nilimwandika "amerudi", kumbe hakurudi: mwanachuo aliyetoweka Malindi 2016

Mlinzi_Zamani

Assalam alaykum wanajamvi. Uzi huu nitauweka kwa vipande, naandika kwa simu nikiwa kazini na tajiri wangu ana mtindo wa kutokea bila hodi. Jina la chuo sitaji, la kituo cha polisi sitaji, na la kijana mwenyewe ndiyo kabisa. Walio wake watamjua.

Kilichonichokoa ni kisa cha Marekani nilichokisoma wiki iliyopita, usingizi ukaniruka. Binti anaitwa Paula Welden, miaka 18, mwaka wa pili katika chuo cha Bennington, jimbo la Vermont. Jumapili ya tarehe 1 Desemba 1946 alimaliza zamu yake kwenye jumba la kulia chakula, akavaa koti jekundu, jinzi na raba, akamwambia mwenzake wa chumbani anakwenda matembezi marefu. Pesa hakuchukua, nguo ya kubadili hakuchukua. Akaomba lifti barabarani, mtu mmoja akamsogeza hadi karibu na inapoanzia njia ya milimani iitwayo Long Trail. Kuna waliomwona akipanda, na mmoja alisema naye. Giza likaingia, baridi ikazidi, na tangu hapo hajaonekana yeye wala mfupa wake.

Sasa sikilizeni hili. Yule mwenzake wa chumbani usiku ule hakupiga kelele, alijua Paula yuko maktaba anasoma. Wakuu wa chuo walipata habari asubuhi. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikaenda kunawa uso.

Mimi mwaka 2016 nilikuwa mlinzi wa geti la hosteli ya chuo kimoja hapa Malindi. Nilikuwa na miaka 21, sare ilinipwaya, rungu nililirithi kwa mzee niliyempokea zamu. Jumamosi moja ya Mei kijana wa mwaka wa pili alitoka getini kwangu. Kwenye daftari alitoka saa kumi na moja kasoro robo jioni, akarudi saa tatu na dakika arobaini usiku.

Kutoka alitoka kweli. Kurudi nilimrudisha mimi, kwa kalamu.

Kobe_la_Watamu

Nimetandika mkeka. Endelea.

Bint_Mambrui

"Nilimrudisha kwa kalamu" una maana gani? Usituache njiani tafadhali.

Mlinzi_Zamani

Nakuja huko dada.

Kwanza mjue lile daftari lilitoka wapi. Tarehe 2 Aprili 2015 chuo kikuu cha Garissa kilivamiwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya pale kila chuo kilishikwa na homa. Kuta zikapandishwa, chupa zikapasuliwa zikapachikwa juu ya saruji, na sisi tukanunuliwa daftari kubwa la jalada gumu. Jina, chumba, saa ya kutoka, aendako, saa ya kurudi, sahihi. Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha la kibanda, na uzi ulikuwa mfupi kiasi kwamba mtu mrefu aliandika ameinama kama anarukuu.

Saa nne usiku mama msimamizi alipita kukagua. Akikuta nafasi ya kurudi iko wazi, anauliza huyu yuko wapi. Ukisema hujui, jina lako linaandikwa, mwisho wa mwezi mshahara unanyofolewa shilingi 200. Na wanafunzi wa kiume wakirudi hawasimami kuandika. Wanapita watano kwa mkupuo, huyu ana chipsi, huyu anaongea na simu, unampigia kelele nani? Kwa hiyo walinzi tulikuwa na desturi yetu. Ikifika saa tatu unusu na kitu unachukua kalamu unajaza nafasi zote zilizo wazi. Huyu saa mbili na ishirini, huyu saa tatu kamili, huyu saa tatu na dakika arobaini ili isifanane. Tuliita "kufunga daftari". Aliyenifundisha kazi alinifundisha na hilo, siku ileile aliyonionyesha swichi ya taa.

Jumamosi ile mvua ya masika ilikuwa imeshika tangu Alhamisi. Huyu kijana nilimpenda. Alikuwa anasomea hoteli na utalii, Kiitaliano alishaanza kukitafuna kwa sababu ya wageni wa Casuarina, na alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, kule Lamu, ana ile lafudhi ya kwao tamu. Simu yake ilipasuka kioo, aliipeleka kwa fundi mjini siku mbili nyuma, jioni ile alikuwa anaifuata. Mahali pa aendako aliandika "fundi simu". Nikamtania, nikamwambia mvua hii utarudi umekuwa pweza. Akacheka, akainama, akatia sahihi, akaenda zake upande wa barabara kuu.

Saa nne kasoro dakika kumi nilifunga daftari. Nafasi kumi na moja zilikuwa wazi. Kumi walikuwa vyumbani kweli.

Fundi_wa_Maweni

Duh.

Kobe_la_Watamu

Wenzake wa chumbani je? Hawakuona kitanda kitupu?

Mlinzi_Zamani

Waliona. Walidhani amelala kwa binamu yake mtaani Barani kwa ajili ya mvua, alishawahi kufanya hivyo. Simu hana, kwa hiyo hata kumpigia hakuna. Jumapili ikapita hivyo. Jumatatu hakuonekana darasani, ndipo mmoja wao akamfuata binamu, binamu akasema mimi sijamwona wiki mbili.

Mimi niliitwa ofisini Jumatatu saa nane mchana. Mkuu wa chuo alikuwepo, mama msimamizi, na askari mmoja wa kiraia. Daftari liko mezani limefunguliwa. Askari akaweka kidole pale kwenye saa tatu na dakika arobaini, akaniuliza, huyu ulimwona akiingia? Wallahi nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Nikamtazama mama msimamizi, akanitazama. Nikasema, ndiyo.

Neno moja. Sasa tazameni lilivyofanya kazi.

Kwa kuwa alirudi, basi amepotea akiwa ndani ya ua. Kwa kuwa amepotea ndani, wenzake wawili wa chumbani wakachukuliwa, wakalala sero usiku mbili. Kisima cha nyuma ya jiko kikafungwa pampu, kikavutwa maji kutwa nzima mpaka tope. Mifuniko ya shimo la choo ikang'olewa. Ukuta ukakaguliwa chupa kwa chupa kutafuta damu au kipande cha nguo. Na yule fundi simu mjini hakuna aliyemwendea, wa kazi gani, si mtu alishamaliza safari yake akarudi? Laiti wangekwenda Jumatatu ile, fundi angewaambia kijana hakufika dukani kabisa. Simu ilikuwa bado iko kwenye droo yake na kioo kipya.

Kamera ya kituo cha mafuta pale njiani ilikuwa inajifuta yenyewe baada ya siku chache. Waendesha boda wa kona ile walikuwa wanakumbuka abiria wa juzi, si wa wiki iliyopita. Mimi nilikwenda kusema ukweli siku ya nane.

Jicho_la_Kusi

Siku nane! Na unakuja hapa kutafuta kuonewa huruma? Vijana wa watu walilala sero kwa ajili ya shilingi zako 200.

Mlinzi_Zamani

Sitafuti huruma. Ulivyosema ndivyo.

Mwanasheria_wa_Baraza

Niingize mguu kidogo. Mleta uzi, baba yake alipofika kuripoti aliambiwa nini?

Mlinzi_Zamani

Habari ilimfikia kwa kuchelewa, akashuka kutoka Pate kwa mtaboti hadi Mokowe, akapanda basi. Wakati ule mabasi ya Lamu yalikuwa yanasindikizwa na polisi, unafika Malindi umekaguliwa kitambulisho mpaka umesahau uso wako mwenyewe. Kituo cha kwanza alichoingia walimwambia kijana mkubwa asubiriwe saa 24, huenda yuko kwa mpenzi. Akasubiri nje, kwenye benchi, na tayari mtoto alikuwa na siku nne hayupo.

Mwanasheria_wa_Baraza

Nililitarajia hilo. Wanajamvi, hizo saa 24 hazipo. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mzazi asubiri ndipo aripoti mtu aliyepotea. Saa 24 ziko kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 49, na zinamhusu aliyekamatwa: afikishwe kortini kabla hazijapita. Yaani kipimo alichowekewa polisi ili asimfiche mtu, raia ndiye anapimiwa. Ukifika kituoni dai nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, palepale, uiandike, uondoke nayo. Na ukihisi aliyekupotea yuko mikononi mwa dola, wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri mtu aletwe, ule wito wa habeas corpus. Ibara ya 25 inasema haki hiyo haipunguzwi kwa hali yoyote.

Jicho_la_Kusi

Wa Pwani wangapi wana wakili, mheshimiwa?

Mwanasheria_wa_Baraza

Wachache. Ndiyo maana naandika bure hapa saa tano za usiku.

Bint_Mambrui

Polisi walimuuliza baba nini? Sema ukweli, najua walivyokuwa miaka ile.

Mlinzi_Zamani

Dada umegusa penyewe. Swali la kwanza lilikuwa anaswali msikiti gani. La pili, kama ana jamaa Kismayu, Somalia. Kijana wa kiume, Muislamu, kwao ni Pate, hayupo: kesi ilishaamuliwa kabla mzee hajamaliza kutaja jina. Mkumbuke Aprili 2015 baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha kwa waliorudi kutoka kwa al-Shabaab, wazazi wakaambiwa watoe majina ya watoto wao waliopotea. Baadhi ya majirani zetu waliona bora kunyamaza. Ukiripoti mtoto hayupo, umejiandikisha kuwa baba wa gaidi. Usiporipoti, kwa nini ulificha? Na kuna wale ambao mtaani kwetu hatusemi "wamepotea", tunasema "wamepotezwa", na kila mtu anaelewa tofauti ya herufi hizo.

Baba yake Paula naye alikipata cha moto, nikawa nasoma namlinganisha. Vermont wakati ule haikuwa na polisi wa jimbo kabisa, mzee ikabidi aombe wapelelezi wa Connecticut na New York waje. Alipopiga kelele kwamba upelelezi unaendeshwa ovyo, watu wakaanza kumnong'ona yeye, kwamba aligombana na binti. Lakini mwaka uliofuata, 1947, Vermont ikaunda polisi wake wa jimbo, na kisa cha binti huyu kilikuwa ni sababu kubwa. Na jingine: chuo cha Bennington kilisimamisha masomo siku kadhaa, wanafunzi na walimu wakapanda milima kutafuta. Kwetu Jumanne ile kulikuwa na mtihani wa usimamizi wa jikoni, ukafanywa.

Kobe_la_Watamu

Mimi nitasema wasilolisema wengine. Mtu kutoweka mchana mchana, mvua inanyesha, bila alama… Gede si mbali. Wazee wetu wana habari zao kuhusu magofu yale, na Mei ni mwezi wa bahari kuchafuka. Kuna vitu vinachukua watu.

Fundi_wa_Maweni

Hata kule Bennington naona wanasema hivyohivyo. Mwaka mmoja kabla ya Paula, Novemba 1945, mlima uleule ulimmeza mzee wa miaka 74, Middie Rivers, tena alikuwa ni kiongozi wa wawindaji, milima anaijua kama ua wake. Mpaka 1950 wakapotea wengine kadhaa sehemu zile. Watu wakapaita pembetatu, kama ile ya Bermuda.

Mlinzi_Zamani

Kobe, majini nayaamini, yametajwa. Lakini jini wa Gede hakujaza daftari langu. Nikianza kumsingizia yeye, mimi nitakuwa nimepona na kijana hatapona.

Bint_Mambrui

Kuna mwingine ambaye nilisoma habari zake nikiwa chuo: Suzanne Lyall, miaka 19, chuo kikuu cha Albany, New York. Machi 1998 usiku alishuka basi ndani ya chuo akitoka kazini. Hakufika chumbani. Kesho yake kadi yake ya benki ikatumika kutoa dola 20 dukani, na hadithi ikaishia hapo. Wazazi wake hawakukaa. Mwaka 2003 ikapita sheria yenye jina lake, kwamba polisi wakipokea taarifa ya aliyepotea mwenye umri chini ya miaka 21 waiingize mara moja kwenye mfumo wa taifa. Zamani ulinzi huo uliishia miaka 18, mwanachuo akaonekana mtu mzima aliyeamua kuondoka.

Huyu wa kwetu M-Pesa yake ilionyesha chochote?

Mlinzi_Zamani

Laini ilikuwa ndani ya simu, simu ndani ya droo ya fundi. Kwa hiyo hakuna mnara ulioshika, hakuna muamala, hakuna ujumbe. Baba aliikomboa ile simu baada ya miezi, akalipa shilingi 1,800 za kioo. Fundi alikataa pesa, mzee akaziacha juu ya meza.

Mwaka 2023 yalipotokea ya msitu wa Shakahola, wale wafuasi wa kanisa waliofunga kula hadi kufa, mzee alikuja tena Malindi. Mnakumbuka hospitali ilivyokuwa, meza ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta waliopotea, foleni ya watu kutoka kila pembe ya nchi, na msituni miili inafukuliwa hadi ikapita 400. Alipanga foleni akatolewa mate ya kupima DNA. Hesabu haikukubali, mtoto wake alitoweka miaka kadhaa kabla ya watu wale kuhamia msituni, na ni Muislamu, kanisa lile angelifuata nini? Lakini mzee alisema kuna maiti hazina mwenyewe na yeye ana mtoto hana maiti, kwa nini asiulize. Miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa familia Machi 2024, yeye hakupigiwa simu.

Fundi_wa_Maweni

Kule Ohio yuko Ronald Tammen, chuo kikuu cha Miami, Aprili 1953. Aliacha taa inawaka, kitabu wazi mezani, gari limeegeshwa nje. Mwaka 2008, miaka 55 baadaye, kaburi la mtu asiyejulikana huko Georgia lilifukuliwa, DNA ikalinganishwa na ya dadake. Hakuwa yeye. Mzee wa Pate hayuko peke yake.

Mngwana_wa_Langoni

Salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Nimesoma uzi huu tangu jana, yeo nimeona niseme neno. Katika fiqhi mtu huyu huitwa mafquud, aliyepotea habari zake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mali yake haigawanywi, na akifiwa na mzazi fungu lake huwekwa lisiliwe, mpaka upatikane ushahidi wa kufa kwake au Kadhi ahukumu baada ya kupita muda ambao mfano wake haishi. Serikali nayo ina yake, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 118A, miaka saba bila habari anachukuliwa amekufa mpaka ithibitike vingine. Mimi nauliza la nyumbani tu: walimsomea khitma?

Mlinzi_Zamani

Hapana. Miaka saba ilipotimia watu walimshauri mzee, mamake akasema khitma husomewa maiti, nionyesheni maiti. Mpaka leo.

Jicho_la_Kusi

Nirudi kwako mlinzi, maana nilikuwa mkali na bado sijalainika. Siku ya nane ulisema nini hasa?

Mlinzi_Zamani

Nilisema sikumwona akirudi, nilijaza mwenyewe. Askari aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu, akanitazama muda, akasema "wewe ni mjinga wa daraja gani?" Nilipigwa kofi moja, silihesabu. Akauliza saa aliyotoka, nikampa saa. Akauliza alikuwa na nani, nikasema peke yake. Basi. Kazi ilikwisha siku ileile.

Na kuna jambo ambalo sikulisema, na ndilo koti jekundu la Paula lilinikumbusha. Kule walimfuata binti yule hatua kwa hatua hadi mlimani kwa sababu kila aliyemwona aliona koti. Kwetu lilitoka tangazo, picha ya kitambulisho cha chuo, na chini: "Alikuwa amevaa shati la buluu, suruali nyeusi, viatu vyeusi." Hiyo walieleza wenzake wa chumbani, ni nguo za chuo, Jumamosi walidhani alivaa vilevile.

Hakuvaa viatu vyeusi. Alivaa makubadhi, zile ndara za ngozi. Nayakumbuka kwa sababu nilimtania kuhusu mvua na nikatazama miguu, nikasema ngozi hiyo italowa. Na gidamu ya kushoto, kile kikanda cha kushikia vidole, ilikuwa imeshonwa kwa mshipi wa kuvulia, wa buluu, unang'aa. Nililiona tangazo limebandikwa pale stendi, nikasoma "viatu vyeusi", nikapita. Nilishasema uongo mmoja. Nani angeniamini habari ya viatu?

Bint_Mambrui

Kaka. Hilo la makubadhi umeshamwambia baba yake?

Mlinzi_Zamani

La.

Bint_Mambrui

Basi unatuandikia sisi kwa nini?

Jicho_la_Kusi

Nauli kama huna sema. Nitachanga.

Mwanasheria_wa_Baraza

Ukienda, mchukue mzee mkaandikishe taarifa ya nyongeza. Faili la aliyepotea halina tarehe ya kufa. Mtafute anayelishika, na kila neno jipya lipewe nambari.

Kobe_la_Watamu

Siku ya sita leo, mleta uzi kimya. Amekimbia?

Mlinzi_Zamani

Sijakimbia. Nimerudi jana usiku, mwili wote unanuka chumvi.

Nilipanda basi la asubuhi, nikalala Amu, kesho yake nikangoja maji. Wenye kuifahamu Siyu, kijiji chao huko Pate, wanajua, chombo hakiingii mpaka mkondo ujae, unapita katikati ya mikoko polepole, nahodha ameshika upondo. Nilikuwa naomba maji yasijae.

Sikujua kazi ya mzee. Kule Malindi nilimwona kama mzee tu wa kanzu anayekaa kwenye benchi. Nilipoelekezwa nyumbani kwake nilimkuta barazani, msharasi mkononi, vipande vya ngozi vimemzunguka, na ukutani nyuma yake makubadhi yamening'inizwa jozi kwa jozi. Wa Siyu mashuhuri kwa hiyo kazi, nimeishi Pwani maisha yangu yote na sikuunganisha.

Hakunitambua. Nikamwambia, baba, mimi ni yule wa geti. Akaweka msharasi chini. Akaita ndani chai iletwe, na chai ikaja kabla sijapata sauti, na mahamri mawili kwenye kisahani. Nikasema yote, la daftari analijua, la viatu hakulijua. Nilipofika kwenye gidamu akaniinulia mkono nisiendelee.

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto, baba."

"Mshipi rangi gani?"

"Buluu."

Nyuma ya pazia la mlango niliskia kikombe kikiwekwa sakafuni taratibu. Mzee akachukua ndara moja ukutani, akaigeuza, akanionyesha mahali gidamu inapozama ndani ya ngozi, fundo linakaa chini ya wayo halionekani. Akasema Ramadhani ya mwisho kijana alipokuwa nyumbani gidamu ilikatika usiku, uzi wa kazi ulikuwa umekwisha, akachukua mshipi wa jirani akashona kwa taa ya simu, akamwambia ukirudi nitakushonea vizuri. Fundo lake ni mara tatu. Hakuna mwingine kijijini anayefunga mara tatu.

"Tangu siku ile," akasema, "mimi nimekuwa natazama miguu ya watu wa viatu vyeusi."

Mamake hakutoka. Alisema kwa ndani, bila hasira, "Mwambieni ale." Nilikula. Sikumbuki ladha.

Kesho yake maji yalijaa alfajiri, tukatoka pamoja. Hatukuenda kituo kile cha mwanzo. Askari aliyekuwa zamu, binti mdogo, alisoma tarehe ya mwaka 2016 akauliza ni viatu tu ndivyo tulivyokuja kuongeza? Mzee akasema ndiyo, viatu tu. Akaandika ukurasa mzima, akamsomea mzee, mzee akasahihisha neno moja: alikuwa ameandika "kamba", akamwambia andika gidamu.

Nambari mpya ya OB tunayo. Mwanasheria, nimekutumia kisandukuni. Jicho la Kusi, nauli nilijilipia, pesa zako mpe nahodha siku ukipita huko, hakutaka kunitoza.

Kwa hiyo naomba hivi. Aliyekuwa Malindi mwisho wa Mei 2016, boda, tuktuk, mvuvi wa upande wa gati, muuza mahindi wa kona ya barabara kuu, mfagiaji, mtu wa mochari, yeyote aliyepata kuona au kuokota, hata upande mmoja: makubadhi ya kiume ya Siyu, ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi, nambari 42, gidamu ya kushoto mshipi wa buluu, ukikigeuza kiatu na kuchokoa chini ya wayo utakuta fundo la mara tatu. Nitumieni ujumbe saa yoyote, simu yangu siizimi.